Usukani uligoma kabla ya injini: kisa cha gari lililozimika Isyonje

Gari lilifika kwangu Jumatano asubuhi likiwa limeshapita gereji mbili. Gereji ya kwanza walilibadilishia pampu ya mafuta. Ya pili walimwambia mwenyewe atafute stelingi nzima ya mtumba, aje wamfungie. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya mjini, na gari lake ni dogo la Kijapani, la gia otomatiki na pawa stelingi ya umeme (mota inayosaidia kugeuza usukani), kama yaliyojaa barabarani siku hizi. Alishuka, tukasalimiana, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza jambo lile lile: "Fundi, injini na usukani vilikufa pamoja. Kila ninayempelekea ananitibia kimoja."

Maneno hayo ndiyo yamenifanya nikiandike kisa hiki. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kila msimu wa mvua naletewa magari ya namna hii. Vitu viwili visivyogusana vikifa ndani ya dakika moja, mimi sianzi na kimoja wala kingine. Naanza na kile kinachovilisha vyote viwili. Na ili nijue ni kipi, nahitaji kitu ambacho hakuna mashine ya kupimia inayonipa: mpangilio wa matukio. Kipi kilitangulia? Taa gani iliwaka kwanza? Majibu hayo yalikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeyauliza.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Jumamosi ya Aprili. Mwalimu na mama yake mzazi walikuwa wametoka msibani Tukuyu. Walitaka kuondoka mchana, lakini msiba una taratibu zake, wakajikuta wanawasha gari saa kumi na mbili na nusu jioni. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kilomita 70 hivi, lami mwanzo hadi mwisho, safari ambayo ameiendesha miaka yote.

Anayeijua barabara hiyo ataelewa. Unapita kwenye migomba na chai hadi Kiwira, kisha unapanda. Migomba inakwisha, viazi vinaanza, baridi inaingia hadi ndani ya gari. Pale Isyonje, panapochepuka njia ya kwenda Kitulo, ukungu ukishuka unaona mita chache tu mbele ya boneti. Baada ya hapo ni mteremko na kona mpaka Igawilo, halafu Uyole. Usiku huo kulikuwa na mvua na ukungu kwa pamoja, kwa hiyo mwalimu alikuwa amewasha kila kitu: taa kubwa, wipa kasi ya juu, feni ya kupulizia kioo cha mbele, nyaya za kupasha kioo cha nyuma, redio kwa sauti ya chini, na simu ya mama ikichajiwa. Nitairudia orodha hiyo, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu.

Walikuwa wameshaanza kuteremka walipoingia kona ya kushoto, usukani ukagoma. "Ni kama mtu ameushika kutoka upande wa pili," ndivyo alivyonieleza. Alivuta kwa mikono miwili, gari likafuata kona kwa shida huku tairi la mbele la kulia likivuka mstari wa katikati. Bahati hakukuwa na gari linalopanda. Kabla ya kona iliyofuata injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Taa nyingi zikawaka dashibodi, zote hafifu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu alichofanya mwalimu katika sekunde zile kiliokoa watu wawili. Hakuchomoa ufunguo. Hakukanyagakanyaga breki. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akakanyaga breki mara moja kwa nguvu na kuishikilia hapo hapo, akaliacha gari lipunguze mwendo huku akilisogeza kushoto taratibu mpaka tairi zikaingia kwenye majani. Kisha hendibreki. Alipokuwa ananisimulia mikono yake ilikuwa inaonyesha, kama vile usukani bado uko mbele yake.

Pawa stelingi ikifa, usukani haujakatika. Bado kuna chuma kutoka mikononi mwako hadi kwenye matairi. Kilichoondoka ni msaada tu. Gari likiwa na mwendo uzito huo unavumilika, na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo usukani unavyozidi kuwa mzito, hivyo anayetaka kulitoa gari barabarani alitoe likiwa bado linatembea. Breki nazo ni hivyo hivyo. Injini ikizima, busta ya breki, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inabaki na mvuto wa kukanyaga mara moja, mbili, pengine tatu. Anayepampu kwa hofu anaumaliza wote, na inayofuata ni breki ngumu kama jiwe. Kuchomoa ufunguo gari likiwa mwendoni ni kuukaribisha usukani ujifunge kabisa. Mwalimu aliniambia hilo la ufunguo alifundishwa na marehemu baba yake, dereva wa malori ya njia ya Tunduma.

Hazadi, zile taa za tahadhari, zilikuwa zinakonyeza kwa unyonge. Vijana wawili wa bodaboda waliopita wakasimama, wakakata matawi na kuyapanga barabarani juu na chini ya gari, wakaweka mawe mbele ya tairi. Lori la viazi likalivuta kwa kamba hadi Uyole. Sikulaumu, usiku na mvua na mama mtu mzima ndani ya gari. Ila ieleweke kwamba gari linalovutwa huku injini imezima halina msaada wa usukani wala wa breki, na kwenye mteremko ule kamba inaweza kugeuka mtego. Dereva wa lori alikuwa mtu wa busara, alikwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Siku tatu za kutibu dalili

Jumapili gereji ya kwanza waliichaji betri usiku kucha, na Jumatatu asubuhi gari likawaka mara moja, usukani laini kama siagi. Wakafikiri hivi: injini ilikohoa kabla ya kuzima, kukohoa ni kukosa mafuta, kwa hiyo ni pampu. Usukani wakausahau kwa sababu sasa ulikuwa unafanya kazi. Wakafunga pampu nyingine, wakamkabidhi.

Jumatatu hiyo hiyo alasiri, akitoka shuleni, usukani ukawa mzito tena maeneo ya Kabwe, hapa mjini, safari hii taa ya njano ya stelingi ikiwa imewaka. Gari halikuzima. Akaingia gereji ya pili, na wao wakafikiri kinyume: taa ya stelingi imewaka, basi stelingi imekufa, ya injini ni habari nyingine.

Huko gereji ya pili, Jumanne, mtu mmoja alikumbuka kujaribu alteneta, kile kinachozalisha umeme na kuichaji betri injini ikizunguka, na alifanya lile ambalo naliona kila wiki na linaniuma: aling'oa terminali ya betri huku injini inaunguruma. Injini haikuzima. Akatangaza alteneta ni nzima. Jaribio hilo ni baya mara mbili. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiing'oa injini ikiwa inazunguka, volti zinaweza kuruka ghafla na kuua kompyuta, redio, hata diodi za alteneta yenyewe. Na hata ukiponea, umejua tu kwamba alteneta ilikuwa inazalisha kwenye dakika ile. Ugonjwa wa gari hili ulikuwa wa kuja na kuondoka. Dakika ile ulikuwa umeondoka.

Mama alikumbuka

Nilimwomba mwalimu anisimulie upya, polepole, kuanzia Tukuyu. Alirudia kwamba vilikufa pamoja. Sikumbishia. Aliyekuwa anapambana na kona kwenye ukungu hawezi kuhesabu sekunde. Nikamuuliza kama naweza kuongea na mama, akapiga simu akaiweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Mama, ile safari ya Jumamosi, kabla gari halijazima uliona nini?"

Mama hakuwa na usukani wa kushika. Alikuwa anatazama. Akasema: "Kwanza pale Kiwira kuna kataa kekundu kaliwaka, kakazima, kakawaka tena kakabaki. Nikamwuliza, akasema ataangalia tukifika. Kule juu zile wipa zikachoka. Zilikuwa zinapanda kama mtu mwenye mzigo. Nikamwambia mbona taa zako zimekuwa za njano, akasema ni ukungu. Redio ikanyamaza yenyewe. Ndipo usukani, ndipo gari lote."

Nilimshukuru kwa Kinyakyusa changu cha kuokoteza, *ndaga*, naye akacheka. Kisha nikamwambia mwalimu kwamba mama yake ametaja ugonjwa, kilichobaki ni kuuona kwa macho.

Pangeni maelezo ya mama mstari mmoja: taa nyekundu ya betri, wipa, taa kubwa, redio, usukani, injini. Huo ni umeme unaokauka, kama tangi lenye bomba lililofungwa huku mabomba matano ya kutolea yako wazi. Alteneta iliacha kuchaji karibu na Kiwira. Kuanzia hapo gari zima liliishi kwa betri.

Sasa ile orodha. Betri ya gari hili ni ya ukubwa wa NS40, ambayo ikiwa mpya hubeba ampea-saa 35 hivi, yaani kwa hesabu ya karatasini ampea 35 kwa saa moja. Hii ilikuwa na miaka mitatu, na betri ya umri huo haibebi tena mzigo wake wote. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinakula ampea 9 hivi. Pampu ya mafuta, plagi, sindano za mafuta na kompyuta ni nyingine kama 10. Wipa 4 au 5. Feni ya kioo ikiwa kasi ya juu, karibu na 10. Nyaya za kioo cha nyuma, 10 na zaidi. Taa za nyuma, redio na simu ni vidogo, lakini vinaongezeka. Jumla yake inapita 40, na hapo bado sijaweka pawa stelingi, ambayo kwenye kona kali inaweza kudai makumi ya ampea kwa mkupuo. Kwa hesabu hiyo betri ile haikuwa na saa nzima. Mchana, kiangazi, vioo vikiwa wazi, gari hilo hilo na ugonjwa huo huo lingeweza kutoka Tukuyu hadi nyumbani na mwalimu asijue kitu. Mvua na ukungu wa Isyonje ndivyo vilivyoleta hesabu mezani.

Na kwa nini usukani ulitangulia? Pawa stelingi ya umeme ina mota yake na kompyuta yake. Kompyuta hiyo ikiona volti zimeshuka sana, chini ya 10 hivi, inajitoa kazini na kuwasha taa yake ya njano, kwa sababu mota yenye njaa ya umeme inaweza kutenda ovyo. Injini inavumilia zaidi kidogo. Halafu cheche za plagi zinadhoofika, pampu inapunguza msukumo, injini inakohoa. Ndiyo kukohoa walikokusikia gereji ya kwanza: pampu ilikuwa nzima, haikuwa na umeme wa kutosha.

Mezani

Nilipima kwanza gari likiwa limezimwa: volti 12.3. Betri iliyojaa husoma 12.6 hivi, kwa hiyo hii ilikuwa imepungua ingawa iliondoka kwenye chaji juzi tu. Nikaliwasha. Gari zima la kawaida, likishawaka, mita inaruka hadi kati ya 13.8 na 14.4, ushahidi kwamba alteneta inalisha. Hapa ilisoma 12.0, kisha 11.9, namba ikawa inashuka mbele yetu kidogo kidogo. Mwalimu aliinama karibu na mita, akaitazama kimya.

Nilichukua mpini wa nyundo, upande wa mti, nikagonga mgongo wa alteneta, kwa wepesi, kama unavyobisha hodi. Namba ikaruka: 13.9. Taa nyekundu dashibodi ikazimika. Nikasubiri. Baada ya nusu dakika hivi ikaanguka tena hadi 11.9, taa ikarudi. Nikagonga, ikapanda. Nikamwambia mwalimu agonge mwenyewe. Akagonga, akaona, akasema, "Kumbe ni hiki tu?"

Ndiyo, ni hiki. Ndani ya alteneta kuna vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyosukumwa na springi, vinakandamiza pete mbili za shaba zinazozunguka. Kupitia hapo ndipo umeme kidogo unaingia kwenye rota, sehemu inayozunguka, ili sumaku iamke na alteneta izalishe. Kaboni mpya hutokeza milimita 10 hivi. Nilipoifungua alteneta, moja ilikuwa haifiki milimita 2, na imeliwa mshazari kama penseli iliyochongwa vibaya. Springi yake ilikuwa imefika mwisho wa safari, haina tena pa kusukuma. Vumbi jeusi lilikuwa limeganda kwenye kikombe chake. Kwenye pete za shaba kulikuwa na mifereji miwili unayoweza kuisikia kwa ukucha. Kaboni ikiwa fupi hivyo inagusa na kuachia. Barabara ikitikisa gari, inagusa. Barabara nzuri, inaachia. Ndiyo maana ile taa iliwaka Kiwira, ikazima, ikawaka tena, na ndiyo maana yule wa gereji ya pili alikuta alteneta "nzima".

Nililehemu kaboni mpya, nikasugua pete kwa msasa laini, nikakagua diodi na katauti (kidhibiti cha volti), nikafunga. Vifaa vyote havikufika robo ya bei ya pampu aliyokwisha kuilipia.

Nilivyovifuta kwanza

Ningekuwa mwongo nikisema nilijua mara moja. Kuna magonjwa mengine yanayofanana na hili, na baadhi ni hatari zaidi, kwa hiyo niliyafuta moja moja kabla ya kugusa alteneta.

La kwanza ni mkanda wa feni. Kwenye injini hii mkanda mmoja unazungusha alteneta, pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi. Ukikatika, taa nyekundu ya betri inawaka vile vile, na mwisho wake ni ule ule. Tofauti ni joto: maji yanaacha kuzunguka na mshale wa joto unapanda. Wa mwalimu haukupanda, na mkanda ulikuwepo, mkavu, haujachanika. Kwenye magari yenye pawa stelingi ya mafuta mkanda una uzito zaidi, kwa sababu mara nyingi ndio unaozungusha pampu ya stelingi. Unakatika, usukani unakuwa mzito pale pale, taa ya betri inawaka, na injini inaendelea kuunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo watu wanapoponzwa. Nilishaletewa basi dogo kutoka Iringa ambalo mkanda ulikatika likiwa linapanda Kitonga. Dereva aliona usukani mzito, akasema nitavumilia hadi Ilula, injini si inavuta? Ilivuta, lakini bila maji yanayozunguka, na mlima ule mzigo wake unaujua. Kichwa cha injini kilipinda kabla hajamaliza kupanda. Usukani ukiwa mzito pamoja na taa ya betri, simama mahali salama na uzime injini wewe mwenyewe kabla haijajizima.

La pili ni injini kufa yenyewe kwa sababu zake: sensa ya krankshafti, pampu ya mafuta, maji kwenye mafuta, mkanda wa taiming. Hapo usukani unafuata injini, hautangulii. Na taa kubwa zinabaki na mwanga wake, kwa sababu betri haina kosa. Sensa ya krankshafti ina tabia ya kuua gari likiwa moto na kuliachia liwake baada ya kupoa, bila kukohoa wala kuaga. Inawatesa sana wenye magari ya zamani kwenye milima yetu. Pampu inayokufa huanza kwa gari kukosa nguvu mlimani. Mama hakutaja lolote kati ya hayo.

La tatu ni terminali za betri na waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari. Terminali iliyolegea au yenye unga mweupe inakata vyote kwa mpigo, na ukiitikisa vinarudi kwa mpigo. Kinachokufa hatua kwa hatua kwa dakika ishirini au thelathini si terminali.

La nne lilinishughulisha zaidi, kwa sababu ya mkungu wa funguo wa mwalimu: ufunguo wa gari, wa nyumba, wa kabati la maabara, wa ofisi, kufuli mbili, na kipande cha mbao alichochonga mwanafunzi wake. Vyote vinaning'inia kwenye swichi ya gari. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari kama milioni 2.6 yarudishwe kutengenezwa, yakiwemo Chevrolet Cobalt, kwa sababu ya swichi ya ufunguo. Kidude cha ndani cha kuushikilia ufunguo kilikuwa dhaifu. Mkungu mzito au mtikisiko wa barabara ungeweza kuurudisha ufunguo nyuma hatua moja gari likiwa mwendoni. Injini inazima, msaada wa usukani na wa breki unaondoka, na mifuko ya hewa haifunguki kwenye ajali. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Kwa hiyo swichi ya ufunguo si jambo la kupuuza. Niliutikisa ufunguo wa mwalimu huku gari linawaka, nikaunyanyua, nikauvuta chini: hakuna kilichobadilika. Swichi inayokata pia haipunguzi mwanga wa taa pole pole. Hata hivyo nilimwomba atenganishe ufunguo wa gari na mkungu ule, akautoa hapo hapo kwa koleo langu.

Jambo moja halikuwepo kwenye kisa hiki, lakini nikikaa kimya nitajilaumu. Kuna madereva wanaoteremka frii, yaani bila gia, kuokoa mafuta, Iwambi, Kitonga, hata Inyala, na wachache wao wanazima kabisa injini. Wanajitengenezea kwa hiari yao kile kilichomkuta mwalimu: usukani usio na msaada, busta inayoisha, na gari lenye mzigo linalozidi kasi. Injini za sasa zenye sindano za kompyuta zinakata mafuta zenyewe unapoteremka ukiwa kwenye gia na umeachia mguu. Frii haikuokolei kitu, inakunyang'anya breki ya injini.

Safari ya kupima

Baada ya kufunga, mita ilisoma 14.2. Tukawasha kila kitu, ile orodha nzima, na nikageuza usukani mpaka mwisho gari likiwa limesimama, maana hapo ndipo mota inapodai umeme mwingi zaidi. Ilishuka hadi 13.4, ikarudi 13.6, ikakaa. Betri niliiacha kwenye chaji ya polepole usiku mmoja, nikaipima kwa mzigo. Ilikuwa imeumia, betri ya gari haipendi kukaushwa hadi chini, na nikamwambia aitegemee kwa miezi michache tu, si mwaka.

Sikuridhika kumkabidhi gari mchana wa jua. Alhamisi jioni mvua ilikuwa inanyesha, nikamwambia twende Isyonje. Alisema mama naye anakuja, hataki kusimuliwa. Nilichomeka mita ndogo kwenye tundu la kuwashia sigara, ile inayoonyesha volti kwa namba nyekundu, nikakaa nyuma.

Kabla hatujaondoka nilimweleza mama kwamba ukifungua ufunguo bila kuwasha gari, taa nyekundu ya betri lazima iwake, na gari likiwaka lazima izimike. Isipowaka mwanzoni, balbu yake au waya wake umekufa, na siku alteneta ikigoma hakuna atakayekuonya. Ikiwaka ukiwa safarini, na usukani bado ni mwepesi na mshale wa joto haujapanda, zima redio, nyaya za kioo na kila kisichohitajika, usizime injini porini, na elekea palipo na watu. Mama alimwambia binti yake afungue ufunguo. Ikawaka. Akamwambia awashe. Ikazimika. Ndipo akafunga mkanda.

Kwenye kona ile ya kushoto, tukiwa tunarudi, ukungu umejaa na kila kitu kimewashwa, mita ilisoma 13.7.